Uzoefu wangu: Iliad ya kusikiliza, niliingia nikiwa upande wa Achilles nikatoka nikiwa na Hector

Nimemaliza juzi usiku. Iliad yote, ule utenzi wa kale wa Homer kuhusu vita ya Wagiriki na mji wa Troy, sura 24, ile ya kusikiliza, tafsiri ya Kiingereza, nimeilipia kwenye apu nikawa naisikiliza kwenye daladala asubuhi na jioni kama wiki tano hivi, siku za foleni ndo nilikuwa naenda mbali zaidi. Naandika kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeisikiliza anieleze kwa Kiswahili nikamkosa. Nyota nne kati ya tano.

Kwanza ujue unachonunua. Yule farasi wa mbao wa kuingizia askari mjini Troy hayumo. Kifo cha Achilles, shujaa mkubwa wa Wagiriki, hakimo, kinatabiriwa tu, na kile kisigino chake, sehemu pekee ya kumuulia, ambacho sisi tuliosikia habari za Fumo Liyongo na kitovu chake tungekitafuta kwa hamu, hakimo kabisa. Vita ya Troy iko mwaka wa kumi, Homer kachukua wiki chache tu za mwaka huo, na kinachosukuma kila kitu ni ugomvi wa watu wa upande mmoja. Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, analazimika kumrudisha binti wa kuhani wa mungu Apollo maana tauni imeua watu kambini siku tisa, sasa ili asibaki mikono mitupu anamnyang'anya Achilles mateka wake, Briseis. Achilles anasusa. Na sio kususa tu, anamwomba mama yake Thetis, mungu wa baharini, akamwambie Zeus, mkuu wa miungu, awape ushindi watu wa Troy ili Wagiriki wapigwe mpaka wamkumbuke. Hapo nilisimamisha kwanza. Hao ni wenzake, amekula nao miaka tisa.

Lakini usimhukumu haraka, mimi sura ya 9 ilinigeuza. Wanakuja kumbembeleza makamanda wenzake Odysseus na Ajax, na mzee Phoenix aliyemlea, wameleta ahadi ya talanta kumi za dhahabu, farasi 12, miji saba, Briseis arudi na kiapo juu yake kwamba hajaguswa. Odysseus anapeleka ujumbe wa Agamemnon karibu neno kwa neno, ila mwishoni anaruka kipande kimoja, kile kinachosema Achilles anyenyekee kwa kuwa Agamemnon ni mfalme mkubwa kuliko yeye. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuusikia ujumbe mzima dakika chache nyuma, nikalisikia lile pengo. Na ni kama Achilles naye kalisikia, maana anajibu kwamba anamchukia mtu anayeficha moja moyoni na kusema jingine. Halafu anaeleza, mali inatekwa na kununuliwa, ila roho ikishatoka hairudishwi na chochote, na mama yake kamwambia ana njia mbili, abaki afe kijana na jina lake lidumu, au arudi kwao aishi mpaka uzee bila sifa. Anasema ukweli mbele ya watu wakubwa bila woga, hiyo ndo nguvu yake, na kwangu ni kubwa kuliko mkuki. Zawadi zimekuja lakini neno la samahani halijaja, na yeye kaliona hilo.

Sasa tatizo linabaki palepale, watu wanaendelea kufa wakati yeye yuko sahihi. Meli ziko karibu kuchomwa, rafiki yake Patroclus analia, Achilles anampa silaha zake anamwambia fukuza adui kwenye meli halafu rudi, usifike ukuta wa Troy. Patroclus anafika ukutani. Anauawa na Hector, mwana wa mfalme wa Troy na mpiganaji wao mkuu. Na Achilles akipata habari anamwambia mama yake maneno ambayo sikuyategemea, kwamba natamani hasira ipotee duniani, maana ni tamu kuliko asali inayodondoka na inajaa kifuani mwa mtu kama moshi. Yaani anajijua! Anaijua kasoro yake kwa jina na kwa ladha, kisha anaenda kuua mpaka mto Scamander unajaa maiti, na vijana 12 anawakamata wazima akawachinje kwenye maziko ya Patroclus. Hapo mimi nikamwacha.

Nikahamia kwa Hector, na nilianza kuhamia tangu sura ya 6. Anarudi mjini mara moja, anakutana na mkewe Andromache pale getini na mtoto kabebwa na yaya. Andromache anamwambia baba yangu na kaka zangu saba wote kawaua Achilles, wewe ndo baba, wewe ndo mama, ndo kaka, ndo mume wangu, panga jeshi pale kwenye mtini ambapo ukuta unapandika. Ushauri wa vita kabisa, wa maana. Hector anasema nitaona aibu mbele ya watu wa Troy. Ananyoosha mikono kumchukua mtoto, mtoto anaogopa ile kofia ya shaba yenye manyoya ya farasi yanayotikisika, anajificha kifuani kwa yaya akilia. Wazazi wanacheka, Hector anaivua kofia anaiweka chini, ndo anambeba. Mimi naendesha pikipiki siku za wikendi na mwanangu akiwa na miezi tisa nilishaingia ndani na helmeti akapiga kelele vilevile, mpaka nikaivua. Nilirudia kile kipande mara tatu.

Na ile aibu ndo inamuua Hector. Polydamas, mwenzake wa jeshini, anamshauri usiku warudi ndani ya kuta kwa sababu Achilles amerudi vitani, Hector anakataa, kesho yake watu wanaisha. Amebaki nje ya lango peke yake, baba na mama wanamlilia juu ya ukuta aingie, na anasema mwenyewe kwamba hawezi, Polydamas atakuwa wa kwanza kumlaumu. Naye anajijua. Kisha Achilles anapokaribia anakimbia, wanauzunguka mji mara tatu, Homer hajaificha hiyo, na mimi sikumdharau hata kidogo. Wakati huo Andromache yuko ndani anafuma, kaagiza wajakazi wabandike chungu kikubwa motoni Hector akirudi akute maji ya moto ya kuoga. Mume ameshakufa na maji yanachemka. Aisee.

Sasa kasoro za kitabu chenyewe. Sura ya 2 ina orodha ya meli na makamanda, ndefu mno, kwenye sauti inachosha, iruke utarudi. Wagiriki wanaitwa Achaeans, mara Argives, mara Danaans, ni walewale. Ajax wako wawili, Paris, ndugu yake Hector, ndo huyohuyo Alexander, na apu haionyeshi majina kwa maandishi kwa hiyo wiki ya kwanza nilipotea sana, andika majina pembeni. Yale marudio, Achilles wa mbio na alfajiri yenye vidole vya waridi, yalinikera mwanzo, halafu nikazoea, maana hii kazi ina mizizi kwa watu walioimba bila kuandika. Mmarekani Milman Parry alienda Yugoslavia miaka ya 1930 akarekodi waimbaji waliokuwa wakitunga hivyohivyo palepale mbele ya watu. Ukiisikiliza badala ya kuisoma yale marudio yanakupumzisha.

Sura ya 24 isikilize umekaa peke yako. Mzee Priam, baba yake Hector, anavuka usiku mpaka kambini kuomba mwili wa mwanawe, anapiga magoti anabusu mikono iliyoua wanawe. Anamwambia Achilles mkumbuke baba yako. Wanalia wote wawili, Priam anamlilia Hector, Achilles anamlilia baba yake na Patroclus. Halafu Achilles anatoka nje anaamuru mwili uoshwe na kupakwa mafuta mbali kidogo, mzee asiuone. Sababu anayoihofia ni kwamba Priam akiuona atashindwa kuzuia uchungu, na yeye Achilles atapandwa na hasira amuue mzee wa watu ndani ya kibanda chake. Kwa hiyo mwili unaoshwa kwanza, kisha yeye mwenyewe anauinua kwa mikono yake anauweka kitandani, ndo anarudi ndani kumwambia mzee tule.