Apu ya Kihispania niliyolipia miezi mitatu, na neno "gente" lililonitoa jasho

Naanza na nyota kabisa: tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa sababu ya neno moja tu, gente, na msinione mkali kabla hamjasikia kisa chenyewe.

Mimi naongoza wageni Arusha. Wakija wa Hispania au wa Amerika ya Kusini ofisi inahaha kutafuta mtu wa lugha yao, na huyo mtu posho yake si kama yetu sisi wa Kiingereza peke yake, kwa hiyo masika hii kazi ilivyolala nikasema na mimi niingie. Apu sitaitaja jina. Nililipia ile isiyo na matangazo, miezi mitatu. Mazuri yapo, tusiwe wachoyo, sauti zake ni za watu kweli na matamshi unayapata, ile g ya gente inatoka kama kh ya "kheri" na mimi mama yangu wa Tanga sikusumbuka hata kidogo. Namba, vyakula, salamu, ukikomaa wiki mbili unazo.

Sasa shida. Apu haina mlango wa Kiswahili, lazima upitie Kiingereza, na hapo gente wanakuandikia tu kwamba ni watu, basi, maelezo hamna. Kichwani kwangu watu ni wengi, Kiswahili watu wanasubiri, Kiingereza nacho hivyohivyo wengi, naandika la gente están, kitenzi cha wingi, nyekundu, rudia. Naandika la gente son, nyekundu tena. Nikajua nakosea alama ile ya juu ya herufi, nikawa nahangaika na kibodi wiki nzima jamani.

Kilichonifumbua macho ni geti la Naabi. Tuko na wageni wa Sevilla tunasubiri vibali vya kuingia Serengeti, magari yamejaa, nikaona hapa ndo pa kuonyesha ujuzi, nikawaambia "la gente están esperando", yaani watu wanasubiri. Mama mmoja mtu mzima akasema taratibu, "está", ile ya umoja. Nikadhani hajanisikia nikarudia kwa sauti, están! Akainua kidole kimoja. La gente, está. Mi naangalia foleni ile, watu kibao mpaka chooni, yeye ananionyesha kidole kimoja.

Niliporudi mjini nikamlipa mwalimu wa Kolombia saa moja kwa vidio, na saa ile moja ilizidi miezi yangu mitatu. Gente ni neno la umoja, na ni la kike, hata kama wote unaowasema ni madume wenye ndevu: la gente está cansada, watu wamechoka. Mucha gente, watu wengi, usiseme muchas ya wingi. A la gente le gusta, watu wanapenda, siyo les ya wingi. Ukitaka kuhesabu unaliacha unachukua persona, yaani mtu, tres personas, watu watatu, ukisema tres gentes watakuelewa ila watacheka. Na persona nayo ni ya kike siku zote, nikamtungia sentensi dereva wetu, Pedro es una persona simpática, Pedro ni mtu mcheshi (si jina lake), alipojua nimemweka kwenye ukike alininunia mpaka Karatu.

Ila kilichokaa kichwani nilikipata mwenyewe nikiwa kwenye daladala: gente usiitafsiri watu, ichukulie kama kamati. Kamati imekaa. Familia imefika. Umati umefurika. Ndani wamo wengi lakini neno linakwenda kama kitu kimoja, mbona tunayo siku zote! Mtaani utasikia "familia wamefika" na mwalimu akaniambia hata wao sentensi ikirefuka mtu anateleza anaweka wingi, lakini kwenye kuandika ni kosa. Apu ingeweka mstari mmoja tu wa hivyo ningeipa nne.

Na kuna kitu kitamu ambacho apu haikunigusia hata siku moja, kwamba gente inamkaa mtu mmoja pia. Es buena gente, yaani ni mtu mwema, na kule Kolombia wanasema es muy gente, sawasawa na sisi tukisema "yule ni mtu bwana".

Kwa hiyo kama unaanza, ichukue ya bure kwa ajili ya maneno na masikio, hela yako mpe mwalimu. Miezi mitatu ilipoisha sikulipia tena, ila bado naifungua nikiwa nasubiri wageni uwanja wa ndege wa KIA.

Wale wa Sevilla walipofika kwao wakaandika ofisini kwamba mimi ni "muy buena gente". Bosi akaitafsiri kwenye simu yake, akaniita, anauliza wameandika watu wazuri sana, kwani siku ile ulikuwa na nani mwingine?