Eti “amri moja tu”: uzoefu wangu na programu ya kuchati ya Python

Maelekezo ya kusakinisha programu hii yanasema hivi: “Windows, Mac au Linux, amri ni moja tu.” Aliyeandika hayo ana kompyuta moja, tena nadhani hajawahi kuifuta akaanza upya.

Nilichotaka si kikubwa. Programu ya kutumiana ujumbe uliofungwa kwa siri, isiyodai namba ya simu, ikae kwenye Windows ya kazini, Mac ya dada yangu na laptopu yangu kuukuu yenye Debian, mojawapo ya aina za Linux. Nikaanza na Debian, maana Linux na Python, lugha iliyoandikiwa programu hii, wamekua pamoja. Nikaandika hiyo amri moja kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Pip, kisakinishi cha maktaba za Python (vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea), ikagoma na kunitupia “externally-managed-environment” pamoja na aya nzima ya maandishi mekundu.

Kugoma kwenyewe sikulaumu. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip hairuhusiwi kumwaga maktaba zake ndani ya Python ya mfumo, kwa sababu kuna vifaa vya mfumo vinavyoitegemea Python hiyohiyo, na msimamizi wake ni apt, kisakinishi cha Debian yenyewe. Ukichanganya mikono miwili humo, siku moja unawasha mashine na kitu fulani hakiamki. Sawa kabisa. Ila maelekezo hayagusii jambo hilo hata kwa nukta.

Nikamwandikia mtu wao wa msaada, kwa adabu zote, na picha ya kosa nikaambatanisha. Jibu: “Mkuu, weka --break-system-packages mwishoni. Kwangu inapiga kazi.” Yaani kizuizi kipuuzwe kwa nguvu: nimegonga mlango uliofungwa kwa sababu za usalama, naambiwa nibomoe ukuta! Nikamuuliza kama hakuna njia salama zaidi. Akajibu: “Kama terminali inakusumbua, tafuta programu za simu.”

Terminali hainisumbui, ndugu yangu. Unanisumbua wewe.

Njia salama ipo, na ni fupi: unaweka python3-venv kwa apt, unatengeneza mazingira ya pembeni kwa python3 -m venv, unayawasha, halafu pip inafanya kazi yake humo bila kumgusa mtu. Mistari michache tu. Ingetosha kwenye maelekezo, na nafasi ya kujisifu ingebaki.

Windows ilikuwa na vituko vyake. Kile kisanduku cha kuiingiza Python kwenye PATH, orodha ya mahali Windows inapotafuta programu, kiko chini kabisa ya dirisha la kwanza la kusakinisha, na hakina tiki. Ukikipita, unaandika python na linafunguka duka la programu. Hilo nalijua zamani. Kilichonichosha ni maktaba moja iliyodai Visual C++ 14 au zaidi, kifaa cha Microsoft cha kujengea programu, mzigo wa magigabaiti, eti ili ijijenge yenyewe. Chanzo ni kwamba Python yangu ilikuwa mpya mno, na maktaba hiyo haijaandaliwa faili lililo tayari kwa toleo hilo. Nikarudi toleo moja nyuma, ikaingia kimya kimya. Na hilo pia maelekezo hayasemi.

Kwenye Mac wanakwambia ubofye kulia faili la programu kisha ufungue. Hiyo ni habari ya zamani. Tangu macOS Sequoia ya 2024, programu isiyothibitishwa na Apple unaikubali kwa kwenda kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama. Tena wanasema Python 2 “imo tayari kwenye kila Mac”, wakati Apple waliiondoa mwaka 2022 na Python 2 yenyewe ilikoma kuhudumiwa 2020.

Nilikuwa nimeshaandaa nyota moja. Halafu nikatuma ujumbe kutoka Debian kwenda kwa dada, ukafika kabla sijaondoa kidole. Intaneti ikiyumba, ujumbe unasubiri na kwenda wenyewe. Laptopu kuukuu haipati hata joto. Kwa kweli ni programu nzuri, na niseme wazi, aliyeiandika anajua kazi. Nyota nne.

Basi nikawa muungwana, nikawatumia ile mistari yangu ya venv waiongeze kwenye maelekezo. Akajibu yuleyule: “Maelekezo yanatosha.”

Nyota mbili. Na hizo mbili ni za aliyeandika programu. Ukikwama kwenye Debian niulize mimi hapa chini, usijisumbue kumuuliza huyo.