Kupinga jengo kubwa kijijini Kenya: kaunti, NEMA na NET kwenye mizani

Kibao cha notisi kikisimamishwa kando ya shamba lililokuwa la mahindi, kikitangaza kwamba ardhi inabadilishwa matumizi kutoka kilimo hadi nyumba za ghorofa, wakazi wengi hukimbilia kwanza maandamano na wanahabari. Kuna milango mitatu rasmi ya kupeleka pingamizi: serikali ya kaunti, NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inayotoa leseni za miradi), na Jopo la Kitaifa la Mazingira, yaani NET, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni hizo. Hapa inapimwa kwa kigezo kimoja: mkulima asiye na wakili akibisha, anafunguliwa?

Kaunti: nyota 2 kati ya 5

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi aujulishe umma na kuualika upeleke pingamizi kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango. Kwa mabadiliko ya matumizi ya ardhi, notisi kwa kawaida hutoa siku 14. Ni chache mno kijijini, ambako gazeti hufika likiwa limefungia nyama. Kwa hiyo kibao ndicho cha kukodolea macho. Kipige picha kwa karibu, namba ya ploti isomeke, kisha kwa mbali ili ionekane kimesimama wapi. Kama hakuna kibao, piga picha ya lango tupu. Nayo ni ushahidi.

Udhaifu mkubwa wa mlango huu umo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 58 kinasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Ofisi ikisinzia, mwekezaji ndiye anayefaidi. Barua yako basi isiishie kuomba mradi ukataliwe. Iombe pia uamuzi utolewe kwa maandishi na nakala iwafikie wapingaji. Uamuzi ukitoka, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, nayo kamati imepewa siku 14 kuamua. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ratiba hiyo inavutia ukiisoma, lakini wengi hujua kibali kimetoka siku trekta linapoingia, na siku zao 14 zimeshapita. Pangeni zamu ya kuulizia ofisini kila wiki.

Ofisa wa mipango hana pa kuiweka sentensi kama "mradi huu utatuharibia kijiji". Mpe vipimo: upana wa barabara kwa mita, umbali kati ya visima vyenu na shimo la majitaka lililopangwa, maji ya mvua yatateremkia shamba la nani. Kama kuna mto, taja ukanda wa hifadhi, ambao huwa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni kulingana na upana wa mto. Chapisha nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, mbele ya kamati hiyo barua haikuwahi kuandikwa.

NEMA: nyota 3

Mlango huu una nguvu zaidi, ila una mtego wa daraja. Tangu 2019 miradi imegawanywa katika hatari ndogo, ya kati na kubwa. Mtaa mpya wa nyumba zaidi ya 100 huingia kwenye hatari kubwa, na lazima ufanyiwe tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Chini ya hapo, ripoti fupi inaweza kutosha, na wakazi hubaki na nafasi finyu ya kusikilizwa. Ndiyo maana utakuta maombi ya "awamu ya kwanza, nyumba 90". Usibishane na maneno, fungua michoro. Mtambo wa majitaka uliopimwa kwa nyumba 300 huku maombi yakitaja 90 umeshatoboa siri. Kadhalika kisima kirefu chenye pampu kubwa kuliko mahitaji ya nyumba zilizotajwa. Hoja ya kwanza ya barua kwa NEMA iwe hiyo: mradi upimwe mzima.

Tathmini kamili ikifanyika, kanuni za 2003 ziko wazi. Mtaalamu wa mwekezaji abandike mabango, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na ya eneo hilo, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu, notisi ikitoka angalau wiki moja kabla. Ripoti ikishawasilishwa, umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Husomwa bure katika ofisi ya NEMA ya kaunti na mara nyingi hupatikana kwenye tovuti yake. Ukizungushwa, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ila siku hizo zinakula 30 zako, kwa hiyo liandike mapema.

Ripoti yenyewe ni nene na ya kitaalamu. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye viambatisho, mahali penye hojaji na rejista za mahudhurio. Angalia kama fomu kadhaa zina mwandiko mmoja na wino mmoja, kama waliojaza wanaishi jirani au mjini, kama swali lilikuwa "je, unaunga mkono ajira kwa vijana?" (nani atasema hapana?). Halafu rejista. Watu hutia sahihi ili wapate soda na nauli, na karatasi hiyo hiyo huonekana ripotini kama idhini ya jamii. Dawa yake ni rahisi: kabla ya mtu wa kwanza kusaini, andikeni juu ya ukurasa "mahudhurio tu, si idhini", kisha mpige picha kila ukurasa mkutano ukiisha.

NET: nyota 4

Hapa ndipo mwananchi wa kawaida hupata thamani. Jopo linaweza kufuta leseni ya NEMA, na limewahi kufanya hivyo kwa mradi mkubwa kabisa: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa makundi ya wakazi wa Lamu, na wenzao wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta. Sababu kuu haikuwa moshi. Ni kwamba mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na baada ya utafiti kukamilika wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Ndiyo maana picha za rejista na tarehe za notisi zina uzito kuliko hotuba.

Nyota ya tano imepotea kwa sababu mbili. Kwanza, rufaa dhidi ya leseni lazima iwasilishwe ndani ya siku 60, na jopo halina huruma na wachelewaji. Anza kuhesabu tangu tarehe iliyo kwenye leseni. Ukisema ulichelewa kupata habari, tayari umewapa mawakili wa upande wa pili hoja ya kukutoa nje. Pili, zamani kukata rufaa kulisimamisha kazi papo hapo. Sheria ikabadilishwa, sasa jopo ndilo huamua kama litatoa amri hiyo. Pelekeni ombi la kusimamisha ujenzi siku hiyo hiyo ya rufaa, likiwa na picha za mashine zikichimba, maana msingi ukishamwagwa zege inakuwa kazi kubwa kuurudisha nyuma. Na kesi ya Lamu ilichukua karibu miaka mitatu, kwa hiyo changeni pesa mkijua hivyo.

Tahadhari kwa wenye kesi ya namna nyingine: kama mnachodai ni kwamba shamba lenyewe liliuzwa kinyume cha sheria, msipoteze siku 60 zenu NET. Hatimiliki husikilizwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.