Pu-erh au oolong: uanze na ipi?

Ili ulinganisho wa chai hizi mbili uwe wa haki, zipike sawa: gramu 5 za majani kwa mililita 100 za maji, bila sukari wala maziwa.

Pu-erh hutoka Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Ile iliyoivishwa, shou, majani yake hurundikwa yakiwa na unyevu yachachuke kwa wiki kadhaa, njia iliyoshika kasi miaka ya 1970. Kisha hushindiliwa kuwa mkate wa duara, mara nyingi wa gramu 357. Bandua kipande kwa ncha ya kisu, mimina maji yanayochemka na uyamwage papo hapo. Mimina tena, usubiri sekunde 15. Chai inatoka nyeusi kama kahawa, inanukia udongo ulionyeshewa, na kinywani ni laini ajabu. Sheng, isiyoivishwa, ni habari nyingine: ikiwa changa huwa chungu, na ndiyo watu huihifadhi miaka na miaka.

Oolong iko kati ya chai ya kijani na hii nyeusi tuliyoizoea, ndiyo maana ladha zake ni nyingi mno. Tieguanyin, oolong ya Anxi katika jimbo la Fujian, China, huja ikiwa vijidonge vya kijani. Ukivitia maji vinafunuka polepole na kunukia maua. Zile za milima ya Wuyi hukaushwa kwa moto wa makaa, na mimi ndizo nizipendazo zaidi.

Zote mbili hurudiwa maji mara kadhaa.

Mgeni wa chai hizi aanze na oolong. Pu-erh ajaribu kipande kidogo kabla ya kununua mkate mzima.