Kokwa ya avokado: chupa ya kioo, glasi ya maji au ndoo ya udongo?

Hamjambo nyote, karibuni tena kwenye balkoni yangu hapa Umoja, ghorofa ya tatu. Leo mezani nina vitu vitatu. Hii ni chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, ile inayouzwa mtandaoni kwa kuoteshea kokwa ya avokado. Niliinunua shilingi 950. Hii ni glasi ya kawaida ya jikoni na vijiti vinne vya meno. Na hii kubwa ni ndoo ya rangi ya lita 20, nilipewa na fundi aliyekuwa akipaka ngazi zetu. Kokwa zote tatu zilitoka kwa avokado za mama mboga wa hapo chini, na nilizipanda siku moja, Februari mwaka jana. Imepita miezi kumi na sita, kwa hivyo ninayowaambia nimeyaona kwa macho.

Tuanze na chupa, kwa sababu ndiyo mnayoniulizia kila siku. Kwa kuangalia, inapendeza kweli. Kokwa inakaa juu kama yai kwenye kikombe chake, mzizi mweupe unashuka majini, na mtoto wa dada yangu alikuwa kila akija anaanza kwa kuuangalia. Sasa itazameni hii shingo. Kidole changu cha shahada hakipiti. Mzizi ulipoingia ulikuwa mwembamba kama uzi. Miezi minne baadaye ulikuwa umenenepa na kutoa matawi huko ndani. Nilipotaka kuuhamishia kwenye udongo ulikataa kutoka. Nikavuta polepole, nikajaribu na maji ya vuguvugu, mwishowe ukakatika hapa karibu na kokwa. Mche ukafa ndani ya siku tisa. Niliumia, siwafichi. Na kwa kuwa mwanga unapita kwenye kioo, maji yaligeuka kijani kila wiki. Kwa shilingi 950 unapata pambo la meza, basi. Kama ni mti unaoutaka, iache dukani.

Glasi na vijiti inafanya kazi ileile bila kukutoza kitu. Mzizi ulitokea wiki ya nne, kichipukizi wiki ya saba. Badilisha maji angalau mara mbili kwa wiki. Hapa Nairobi maji yaliyosimama ni kitalu cha mbu, na mimi niliwaona viluwiluwi wakicheza humo wiki niliyosafiri. Tatizo jingine ni kwamba mizizi iliyozoea maji huwa laini. Nilipouhamishia mche kwenye udongo, majani yalilegea wiki mbili nzima kabla haujasimama tena.

Ndoo ndiyo iliyoshinda, na imeshinda kwa mbali. Kokwa ioshe mafuta yote, usiiache ikauke, maana kokwa ya avokado si kama mahindi ya kuweka ghalani, ikikauka imekufa. Upande bapa unakaa chini, ncha inaangalia juu. Fukia kama nusu tu, juu iachwe ipumue. Ilichipua wiki ya sita, ikaendelea bila kuhamishwa hata mara moja.

Lakini kuhusu udongo, nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoipoteza miche yetu. Sisi wa Umoja, Embakasi, mpaka huko Athi River, tunakaa juu ya udongo mweusi, ule unaogandamana viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Unashika maji mno. Mizizi ya avokado hukaa karibu na juu na haivumilii kulowa. Ikikaa majini siku kadhaa, inaingia ule ugonjwa wa kuoza mizizi, na majani yananyauka huku udongo umelowa. Wewe ukidhani ni kiu, unaongeza maji, unaumaliza kabisa. Mimi niliagiza debe la udongo mwekundu kutoka upande wa Kikuyu, nikachanganya na mchanga wa mto na samadi iliyooza vizuri. Chini ya ndoo nilitoboa matundu kumi na mawili kwa msumari uliochomwa motoni. Ukimwagilia, maji lazima uyaone yakitoka huku chini.

Na hizi ncha za majani zilizoungua kahawia, wengi mmeniandikia mkiuliza ni ugonjwa gani. Kwangu ilikuwa ni maji. Mfereji wetu unatoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua maji ya kisima, na mengi ya visima vya Nairobi yana chumvi na floridi nyingi. Avokado haipendi chumvi hata kidogo. Sasa nakinga maji ya mvua, na majani mapya yanatoka safi. Wenye sungura au mbuzi, msiwape majani haya. Yana sumu kwao.

Tuje kwenye matunda, swali ninalolipenda zaidi. Mti wa kokwa utazaa? Unaweza, lakini mara nyingi utangoja miaka mitano hadi kumi, wakati mwingine na zaidi. Tena hautamfuata mama yake. Kokwa ya Hass, ile aina ya avokado, haikupi Hass. Inakupa mti mpya kabisa ambao hakuna aliyewahi kuonja tunda lake. Hiyo Hass yenyewe ilianza hivyo. Kule California, miaka ya 1920, mtu wa posta aitwaye Rudolph Hass alipanda kokwa ili miche yake aiunganishie kikonyo, yaani kijitawi, cha aina nyingine, ile ya Fuerte. Mche mmoja ukakataa kuunganishwa, akauacha, ukazaa tunda la ngozi nyeusi yenye vipele, na mwaka 1935 akalisajili kwa jina lake. Hass zote zinazotoka Murang'a kwenda nje zilitokana na mti ule mmoja, kikonyo kwa kikonyo. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, na uliouua ni huohuo ugonjwa wa kuoza mizizi. Ndiyo maana nawasumbua na habari za matundu ya ndoo.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: pandeni kokwa ili mpate mizizi yenye nguvu, halafu juu yake muunganishe kikonyo cha aina mnayoitaka. Ukiunganisha, unaweza kuonja tunda baada ya miaka mitatu au minne hivi. Usipotaka kazi hiyo, nunua mche uliounganishwa tayari, lakini ukague. Mimi niliwahi kuuziwa mche unaoitwa Hass, shilingi 250, shina laini kutoka chini mpaka juu. Ulikuwa mche wa kokwa tu. Mche uliounganishwa una kovu, kama goti, shubiri moja hivi kutoka kwenye udongo. Usipoliona goti, rudisha pesa yako mfukoni.

Mche wangu wa ndoo niliupakia kwenye boda mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeshika, nikaupeleka kwa mzee mmoja mwenye kitalu kando ya barabara. Akashika shina, akalilinganisha na penseli iliyokuwa sikioni mwake. "Binti, umekuja wakati wake," akasema. Akakata kichwa cha mche, akapasua shina katikati kwa wembe, akachonga kikonyo cha Hass mfano wa kabari, akakichomeka ganda likutane na ganda, akafunga kwa utepe wa nailoni. Dakika tano, shilingi 150. Akaniambia nikiweke kivulini mpaka kichipue, na nisikiguse hata nikiwa na hamu vipi.

Kilichipua siku ya ishirini na sita. Sogeeni muone. Haya majani mawili madogo ya rangi ya shaba, juu ya utepe, ni ya Hass. Haya makubwa ya kijani huku chini ni ya kokwa ya mama mboga. Yamemnyonyesha mwenzake vya kutosha, nayakata leo mbele yenu. Ngoja nichukue mkasi.