"Mwite mwenye mashine": uzoefu wangu na laptopu ya gemu

Naanza na hukumu ili wenye haraka wajiondokee: msinunue. Laptopu ya gemu iliyokwishatumika, kwa mtu anayekaa Dar kwenye chumba cha bati bila AC, ni sawa na kununua jiko la umeme lenye kioo. Basi. Wanaobaki wajue tu kwamba maneno haya nayaandikia kwenye laptopu hiyo hiyo, na sina hakika kama nitayasimamia mpaka mwisho.

Vipimo vyake sivitaji, mtavitafuta wenyewe. Ina RTX 3060 (hiyo ndiyo GPU, chipu inayoshughulikia picha za gemu na video), nyeusi, chaja yake ni tofali la kujengea, na ilinitoka milioni mbili na laki nne kwenye duka moja Kariakoo, ghorofani. Duka silitaji, na kampuni iliyoitengeneza siitaji.

Mimi nahariri video za sherehe. Send-off, kitchen party, kipaimara, harusi zenye MC asiyejua kunyamaza. Mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii, nikiipa video ya harusi yenye urefu wa saa nne iitengeneze baada ya swala ya Isha, naikuta bado inahangaika jogoo anawika. Siku ya kwanza niliyoipa hii mpya kazi ya namna hiyo kwenye DaVinci Resolve, programu yangu ya kuhariri video, nilikwenda jikoni kukaanga maandazi. Karai la tatu halijaiva, nasikia kengele ya kumaliza. Nilidhani imeharibika. Nikaifungua ile video nikaiangalia yote, na hotuba ya baba wa bwana harusi nikaisikiliza yote, kitu ambacho hata waliokuwepo ukumbini hawakukifanya. Ilikuwa safi. Usiku ule nilicheza Forza Horizon 5, gemu ya mbio za magari, mpaka mkono ukafa ganzi. Nilikuwa mtu wa furaha jamani. Nilikuwa naifunika na khanga.

Halafu likaja joto. Sikumbuki ni mwezi gani hasa, ila ni ule msimu wa kabla ya masika ambapo hata maji ya bomba yanatoka ya vuguvugu. Ijumaa usiku, send-off ni kesho yake, na wanataka ile video ya maisha ya bi harusi tangu akiwa mtoto mpaka alipochumbiwa. Asilimia 71, pa. Giza. Haikuganda wala haikuonya, ilijizimia tu kama mtu aliyezimia msibani. Nikaiwasha. Asilimia 40, pa. Mara ya tatu niliiweka mbele ya feni ya meza, nikapunguza ubora wa video, nikakaa pembeni yake naipepea na kipande cha boksi kama muuza mishikaki. Ikamaliza saa kumi na moja alfajiri. Kazi ilifika ukumbini, mama wa bi harusi akalia, mimi nikapata hela yangu. Lakini moyo ulikuwa umeshaingia doa.

Jumatatu nikaibeba mgongoni, nikapanda mwendokasi kutoka Kimara nimesimama, hadi dukani. Waranti ilikuwa ya miezi mitatu na bado haijaisha.

Kaunta alikuwepo fundi mwenyewe. Kijana tu, bisibisi sikioni kama kalamu. Nikamweleza: inajizima ikiwa kwenye kazi nzito, nadhani ni joto, naomba muisafishe ndani na kubadilisha ile dawa ya prosesa, inayopitisha joto lake kwenda kwenye bomba la kupoozea. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake hapo. Kisha akasema:

"Sista, mwite mwenye mashine tuongee naye."

Nikasema mwenye mashine ni mimi.

"Naelewa. Namaanisha anayeichezea gemu. Broo wako, au shemeji."

Nimeolewa na nani mimi hata awepo shemeji? Nikamwambia naichezea mimi, nafanyia kazi mimi, na risiti ile pale ina jina langu. Akaiangalia risiti, akaniangalia mimi, akatabasamu lile tabasamu la kumpa mtoto pipi. "Mashine za gemu zote ndivyo zilivyo, sista. Zinachemka. Usiiweke kitandani." Mimi laptopu siweki kitandani! Nyuma yangu alikuwepo kijana aliyemwagia kibodi yake chai ya maziwa, ndiye aliyeitwa bosi na kuvutiwa kiti.

Kuhusu waranti nikaambiwa joto halimo. Huduma ya kusafisha ni elfu hamsini, nirudi saa tisa. Nikaomba niangalie akifanya. Wateja hawaingii ndani. Nikazunguka Kariakoo juani saa nne nzima, nikanunua vitambaa ambavyo sikuvihitaji kwa sababu ya hasira.

Nimejaribu kumwelewa. Labda nilimkuta siku mbaya, labda asubuhi ile alishagombana na watu kumi. Mafundi wa Kariakoo wanafufua vitu ambavyo kiwandani wangevitupa, na mimi mwenyewe simu yangu imeokolewa pale mara mbili. Nilikuwa tayari kabisa kumsamehe endapo mashine ingepona.

Haikupona. Ilirudi mbaya zaidi.

Ninayo programu ya HWiNFO, inayoonyesha joto la kila kiungo. Kabla ya kuipeleka, ikiwa imetulia haifanyi chochote, prosesa ilikaa kama digrii 55. Baada ya "huduma", imetulia vile vile, 69. Nikafungua gemu: dakika mbili hazijaisha, 98. Prosesa yangu ya Intel kikomo chake ni digrii 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana gari lako kwenye gemu linakimbia vizuri halafu ghafla linatembea kama mzee mwenye goti. Feni ya kushoto nayo ikaanza kulia, krrr krrr, sauti ambayo haikuwepo.

Nikaamua kuifungua mwenyewe. Nitaeleza kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo penye faida, mengine yote ni hasira yangu tu.

Zima kabisa, chomoa chaja. Skrubu za chini hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kitu upande wa pili. Nilichukua trei ya mayai, nikazipanga kwa mpangilio ule ule zilivyokaa kwenye mashine. Mfuniko niliubandua na kadi ya benki iliyokwisha muda. Kitu cha kwanza ukishafungua ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi, kabla hujagusa kingine chochote.

Nilichokikuta humo ndani nilikipiga picha. Kwanza vumbi. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba yanayotolea joto kulikuwa na blanketi la vumbi, unalishika kwenye kona linatoka zima kama kipande cha godoro. Kwa hiyo bwana yule alipuliza upepo kwa nje tu, na nadhani ndivyo alivyoiumiza feni. Ukiipulizia feni ikawa inazunguka kwa nguvu ile, beringi zinakufa. Inatakiwa uizuie na kijiti cha meno ndipo upulize. Pili, dawa. Alipaka ile nyeupe ya bei rahisi, nyingi kama dawa ya mswaki, juu ya ile ya zamani iliyokauka. Juu yake! Hakufuta! Tatu, bomba la kupoozea linashikwa na skrubu saba, zimeandikwa namba 1 hadi 7 ili uzikaze kwa zamu. Ya 4 haikuwepo. Huyo ndiye aliyetaka nimwite mwenye mashine.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Spiriti ya duka la dawa, pamba, nikafuta mpaka shaba ikang'aa. Nikapaka Arctic MX-4, kidogo, tone kama punje ya choroko katikati ya prosesa na kidogo zaidi kwenye GPU kwa kuwa ni pana. Skrubu namba 4 niliipata kwenye mashine yangu ya zamani. Haifanani sana, imechomoza kidogo, ila inakaza.

Matokeo: imetulia, 48. Kwenye gemu, 90. Afadhali kubwa, ila bado sikuridhika, na kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa kuichokonoa.

Vifuniko vinne vya chupa za maji, gundi, chini ya kila kona. Mashine inavuta hewa kwa chini, na kwenye meza yangu ilikuwa inanyimwa pumzi. Digrii nne zilishuka kwa vifuniko vya bure. Waliouziwa vile visahani vya feni vya kuwekea laptopu wasinichukie.

Kisha Windows. Ndani ya mipangilio ya umeme kuna sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa, imewekwa 100. Ukiweka 99 tu, ile Turbo Boost ya Intel, inayoipa prosesa kasi ya ziada na joto la ziada, inazima. Kwa gemu nyingi sikuona tofauti ya maana, kwa sababu mzigo mkubwa unabebwa na GPU. Kwa kurenda video, yaani kuitoa ikiwa imekamilika, tofauti ipo, kwa hiyo ninayo mipango miwili na ninabadilisha. Kupunguza volti ya prosesa, ambako ndiko wengi hukusifia, kwangu kumefungwa. Mwishoni mwa 2019 watafiti walitangaza udhaifu wa kiusalama unaopitia volti hiyo hiyo, walioupa jina Plundervolt, baada ya hapo mashine nyingi zikafungiwa mlango huo. Lakini ya GPU inakubali. Kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha GPU, unabonyeza Ctrl na F, unapata mstari wa volti na kasi, nami nimeusawazisha kwenye milivolti 800. Ya kwako inaweza kukataa hapo, panda taratibu. Mwisho, nimefunga gemu isizidi fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Kioo changu kinaweza zaidi ya hapo, najua, na kijana mmoja wa mtaani ameniambia nimeitukana GPU. Anaishi kwenye nyumba yenye AC.

Sasa inacheza kwa 76, wakati mwingine 78. Feni ya kushoto nimeibadilisha, elfu thelathini na tano, krrr imeisha.

Jambo moja ningependa kuambiwa kabla sijalipa. Jina RTX 3060 kwenye laptopu halitoshi. NVIDIA, wenye RTX hiyo, wameruhusu watengenezaji wa laptopu kuipa kuanzia wati 60 hadi 115, ni uamuzi wao. Mashine mbili zenye stika ile ile zinaweza kutofautiana kama bodaboda na pikipiki la polisi. Wati hizo zimeandikwa kwenye taarifa za mfumo ndani ya NVIDIA Control Panel. Dukani omba uiwashe uangalie, wakikataa ondoka. Na kumbuka umeme ukikatika hakuna gemu hapo, kwa betri inajinyima mno. Inabaki kuwa mashine nzito ya kuandikia barua.

Kwa hiyo nirudi kwenye hukumu yangu. Nilisema msinunue. Kusema kweli mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa imezibwa pua, ikapelekwa kwa mtu akaibana na mdomo. Ila tena, mashine gani hii inayodai uwe fundi wa bisibisi, daktari wa homa na mwanasayansi wa volti ndipo ikufanyie kazi ya harusi moja? Kwa milioni mbili na laki nne? Kompyuta ya mezani ya bei hiyo ingepumua vizuri na isingelia. Nayo kompyuta ya mezani huibebi kwenda Morogoro kwa mteja. Sijui.

Juzi binamu yangu alikuja kuiulizia, anaanza chuo anataka ya kuchezea mpira. Nikamtajia milioni moja na laki saba. Akakubali palepale, haraka mno, nikahisi nimeibiwa. Nikasema milioni moja na laki tisa, akakubali. Nikasema milioni mbili, chaja haimo. Akaniuliza dada, laptopu bila chaja ya nini? Nikamwambia ndiyo bei yenyewe. Kaondoka amenuna, shangazi amenipigia simu.

Ipo juu ya vifuniko vyake saa hii, inarenda kipaimara cha Jumapili. Asilimia 64, digrii 81.