Cygwin au WSL 2 kwenye Windows Server?

Tangu Microsoft ilipoondoa SUA (sehemu iliyoendesha programu za Unix) kwenye Windows Server 2012 R2, wenye skripti za Unix wamelazimika kutafuta pa kuhamia. Wengi huishia kwenye hizi mbili, zinazokuwezesha kutumia programu za Unix au Linux ndani ya Windows.

Cygwin, iliyoanza 1995, haina kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yake. Programu inakompailiwa upya (inajengwa tena kutoka msimbo wake), kisha faili cygwin1.dll inatafsiri maombi yake kwa Windows. Kwa hiyo rsync (programu ya kunakili faili) inakuwa mchakato wa kawaida wa Windows: unauona kwenye Task Manager, na unasoma diski C moja kwa moja kupitia /cygdrive/c. Tatizo ni fork, njia ya Unix ya mchakato kujinakili ili kuanzisha mwingine. Windows haina kitu hicho, Cygwin inakiigiza kwa kunakili kumbukumbu, na skripti inayoita sed (programu ya kubadilisha maandishi) mara elfu moja ndani ya kitanzi utaisubiri mpaka uchoke.

WSL 2 ina kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe ndogo (kompyuta inayoigizwa na programu). Programu za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, zinaingia kwa apt (kisakinishi chake) jinsi zilivyo. Ila ukifanyia kazi /mnt/c, yaani diski C ya Windows, kasi inashuka sana, maana kila faili inavuka mpaka wa mashine. Weka data ndani ya /home. Na kama seva yako ni mashine pepe ya kukodi, hakikisha kwanza mwenye nayo ameruhusu mashine ndani ya mashine. Bila hivyo WSL 2 haiwaki.

Kwa kazi za usiku za kuhamisha faili za Windows, nabaki na Cygwin: zana yake cygrunsrv huigeuza programu kuwa huduma inayowaka hata kama hakuna aliyeingia. Kujenga programu za Linux, WSL 2 bila kusita.